Neno Lililobaki Kwenye Ungo

Kule jua halipandi wala halishuki. Limesimama saa nne ya asubuhi, saa ya uji, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa akasahau alichoulizwa.

Nilifika nimejitwika gunia. Sikuwa nimekufa, msianze kunichangia sanda. Wala sikuwa nimelala, maana mimi mchana silali. Nikilala mchana naota nimeolewa tena. Nilikuwa nimeinama kutafuta kifuniko cha sufuria kilichobingirika uvunguni, na nilipoinuka kitanda hakikuwepo, chumba hakikuwepo, na ardhi ilikuwa nyeusi, laini, baridi. Kila hatua niliyopiga iliacha alama nyeupe. Nikachovya kidole nikalamba, kwa sababu kitu nisichokijua mimi hukilamba kwanza. Chaki.

Nchi nzima ni ubao. Hapa na pale yametanda mawingu meupe chini chini, na ukiyakaribia unaona ndani yake vipande vya watu: nusu ya jina, mkia wa hesabu, sikio. Hao ni waliofutwa. Hawalalamiki. Mmoja alinikonyeza kwa jicho alilobakiwa nalo, nami nikamkonyeza, maana adabu ni adabu hata kwa mtu nusu.

Nilijua nilipo kama unavyoijua harufu ya nyumba uliyoibia sukari utotoni. Na nilijua nimefuata nini. Leo ni siku ya nne Siwazuri hajakaanga vitumbua. Miaka arobaini na ushee chuma chake kimekuwa kikilia pembeni mwa njia ya kwangu kila asubuhi, na sasa jiko limepoa, na binti yake akiulizwa anasema, "Mama kapumzika." Mtu wa umri wetu akipumzika siku nne mfululizo, ujue anafanya mazoezi. Nami nina jambo naye. Nina jambo naye tangu tuna miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi nimelipitisha mbele ya jiko lake limefungwa vizuri, kama mtu apitishaye magendo mbele ya askari huku anamwuliza habari za watoto.

Askari akijibu watoto hawajambo, unacheka naye kidogo, unapita. Ukipita miaka sitini na moja, magendo yanaota mizizi mgongoni. Huwezi tena kusema mzigo uko wapi na mgongo uko wapi.

*

Lango lilikuwepo, ukuta haukuwepo. Ungeweza kulizunguka, lakini hakuna aliyelizunguka. Malango yote ya maana ndivyo yalivyo. Chini ya lango palikuwa na meza ya miguu mitatu, na nyuma ya meza kijana wa kaptura na soksi ndefu, ameshika ungo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambaye kamkojolea.

Nikamtambua kwa soksi. Mwalimu Mbelwa, aliyetufundisha Kiingereza darasa la nne, akafa kwa homa akiwa na miaka ishirini na sita, sisi tukiwa darasa la saba. Bado alikuwa na ishirini na sita. Mimi nina sabini na mbili. Nikasimama. Naye akasimama. Sasa nani amwamkie mwenzake? Yeye ni mwalimu wangu, lakini kwa uso ningeweza kumzaa, tena akiwa kitinda mimba.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Aka! Bibi, usinitie dhambini," akasema. "Shikamoo wewe."

"Marahaba," likanitoka lenyewe, nikaziba mdomo kwa kanga.

"Umeona? Umeitikia. Basi yamekwisha." Akakaa. "Unaitwa nani?"

"Huna haja ya kuniuliza, mwalimu. Ulinichapa mara kumi na tisa."

Akanikazia macho. Nikaona ananivua mikunjo mmoja mmoja, kama mtu amenyaye kitunguu, mpaka akamfikia mtoto. "Zaituni," akasema, na sura ikamshuka. "Zaituni wa dawati la nyuma. Umebeba nini?"

"Neno."

"Gunia zima?"

"Neno moja, mwalimu. Nimelitumia sana. Lile la sori."

Hakucheka. Aliniambia sheria ya lango: anayetaka kwenda ng'ambo kuonana na mtu aliyemkosea hupita na neno moja tu, tena liwe lile lililokuwa na kitu ndani, na yule wa ng'ambo huwepo mpaka kengele ilie. Kengele yenyewe niliiona imening'inia langoni: rimu ya gurudumu la lori, na msumari mnene umelala juu ya meza. Ile ile ya shuleni.

"Na kengele ikilia?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mapumziko yameisha. Kila mtu anaingia kwake." Akautazama msumari. "Siwazuri binti Makame amefika siku nne zilizopita. Anangoja. Huwa hawangoji sana."

Basi nikalitua gunia juu ya meza.

*

Mwalimu akafungua gunia, akachota, akatia kwenye ungo, akaanza kupepeta. Mungu wangu. Alikuwa anautikisa ule ungo kama anatikisa mti wenye nyani. Maneno yanamwingia puani, yeye anapiga chafya, wala hakuna kilichopungua.

"Hebu lete," nikamwambia. "Digrii huna, na ungo huwezi. Huku mnafundishwa nini?"

"Hapa kila mtu anapepeta ya kwake," akasema, ameona haya. "Nilikuwa natarajia utaninyang'anya."

Nikaupokea. Kupepeta sijasomea, kupepeta nimezaliwa nako. Unairusha nafaka juu kidogo tu, unaipokea, unaipulizia kwa upepo wa ungo wenyewe. Kizito kinabaki kwako, chepesi kinaona njia. Na maneno yale yalikuwa maganda. Maganda ya karanga, makavu, meupe ndani. Kila moja nililitambua likiwa hewani. Sori niliyomwambia mke wa mchungaji nilipomkanyaga kwa makusudi. Sori ya kuchelewa matangani kwa sababu nilikuwa nasubiri wapike kwanza. Sori kwa mume wangu, siku ya chumvi mara mbili. Sori kwa paka. Sori kwa karani wa ardhi, ambaye ndiye aliyenikosea mimi, lakini alikuwa na muhuri. Sori niliyosema kwenye simu kwa mtu aliyekosea namba. Sori kwa mwanangu wa tatu, nikiwa nimegeukia upande wa pili.

Zikapeperuka, zote, zikatanda juu ya ubao kama theluji ya kwenye kalenda. Nikajisikia vibaya sana. Mtu unategemea kwamba katika kutubu kwako kwa miaka sabini na mbili kutakuwa angalau na punje mbili tatu. Hakuna. Nilikuwa nimewalisha watu maganda, na wao, kwa adabu, walitafuna.

Unajua maneno yetu yana viitikio. Mtu akibisha hodi, ndani kuna karibu. Akisema shikamoo, iko marahaba inamngoja mlangoni imeshavaa viatu. Pole ina nishapoa. Hata buriani ina namna ya kupokewa. Lakini sori, nani kawahi kuiitikia? Unasema sori, mwenzio anaangalia pembeni. Anasema "sawa", na sawa si kiitikio, sawa ni kufunga dirisha. Ndiyo maana nililipenda. Neno lisilongoja jibu ni neno zuri kwa mtu anayetaka kuondoka.

Mkono wangu ukawa mzito. Nikautazama ungo. Limebaki moja.

Lilikuwa na ukubwa wa punje ya karanga, lakini lilikuwa limelowa, jekundu la kuiva kupita kiasi, na lilikuwa linapwita. Pale lilipolala, ukili wa ungo umetota.

"Hilo," akasema mwalimu.

"Hilo," nikasema.

*

Akalisogeza kwa ncha ya chaki, taratibu, kama daktari asiyetaka kukuambia.

"Nilipokufa nilikuwa na muda," akasema. "Nikaanza kuyafuata makwao maneno niliyowafundisheni. Aibu iliyonipata, Zaituni. Nilikuwa nimewapa watoto watu nisiowajua wazazi wao." Akalisogeza tena. "Hili kwao halikuzaliwa liwe la kuomba radhi. Zamani za zamani, mababu wa mababu wa wale wenye lugha yao, lilitokana na neno la kidonda. Maumivu. Mahali palipochunika. Mtu akisema hivyo alikuwa anasema: nimejaa donda. Basi. Hamwombi mtu kitu, anaonyesha tu panapouma."

"Na lile linalofanana nalo, la majonzi? Ulituambia ni ndugu. Ulituchorea na mti wa ukoo."

"Nilikosea. Si ndugu wa tumbo moja. Walikaa mtaa mmoja muda mrefu wakafanana, kama mke na mume wazee. Moja likaazima sauti ya jirani yake, watu wakadhani damu."

"Ulinichapa kwa ajili ya ule mti."

"Najua."

"Viboko viwili."

"Zaituni, najua." Akaendelea haraka. "Halafu likachakaa. Likawa la vitu duni: farasi aliyekonda, paa linalovuja, mtu hohehahe. Ukikiangalia kitu kikakutia huruma na kinyaa kwa pamoja, ndilo. Kisha juzi juzi tu, miaka mia mbili haijatimia, watu wakapata haraka. Wakalikata kichwa na mkia, wakawa wanalirusha peke yake wanapopigana vikumbo mlangoni. Wakati linatufikia sisi lilikuwa ganda. Mimi nililipokea ganda, nikawapa ganda." Akatazama ungo. "Isipokuwa hilo. Hilo sijui wewe umelifanyaje. Hilo limerudi kuwa lilivyokuwa mwanzo."

Nikausogeza ungo kwangu. Taratibu, lisidondoke. Hata nusu-watu kwenye mawingu waligeuka kuangalia.

Ndipo akafungua kifungo cha kola. Shingoni, pande zote mbili, alikuwa na mstari wa kamba. Mstari wa mtoto. Haukuwa umekua pamoja na shingo.

"Na wewe?" nikauliza.

"Tangu darasa la kwanza. Nilipokuwa mwalimu nikachonga kibao kingine, mti mzuri, mninga. Nilijua nawafanyia hisani." Akafunga kifungo. "Nenda. Huna muda wa kunihurumia, na mimi sistahili."

*

Sasa niseme. Nisipolisema hapa nitalisema kwa mzaha mbele, na mzaha wangu naujua, una mikono mirefu, unaiba hata jeneza.

Kilikuwa kibao. Kipande cha mninga, upana wa kiganja, kimetobolewa, kimetiwa kamba ya katani. Kimechomwa kwa msumari wa moto maneno ya Kiingereza ya kusema kwamba aliyekivaa ni punda. Ukisikika unasema Kiswahili ndani ya ua wa shule, unavishwa. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako amekosa kama wewe, unamvisha yeye. Atakayekutwa nacho saa kumi jioni anachapwa viboko vinne mbele ya mstari na anawatekea maji walimu wote wiki nzima. Punda mwenyewe, kule nje ya ua, alikuwa anakula majani, hajui Kiingereza na haoni aibu.

Siku hiyo kilikuwa shingoni mwangu. Nilisikia harufu ya uji nikasema "njaa". Neno moja.

Siwazuri hakuwahi kuvishwa. Hata mara moja. Hakuwa anajua Kiingereza kutushinda. Alikuwa anajua kunyamaza. Alikuwa rafiki yangu, na mimi nyumbani kwetu sikuwa napewa kikombe cha kuja nacho, kwa hiyo alikuwa anakunywa uji nusu, ananipa nusu, bila kusema, anasogeza tu kikombe.

Mwiba wa mchongoma. Uliokomaa, mrefu kama kidole cha shahada. Niliukata kwenye ua wa shule kwa meno.

Foleni ya uji. Yeye mbele, mimi nyuma.

Nimekuwa najiuliza maisha yangu yote, wakati nachambua mchicha, wakati nasuka ukili, wakati wengine wanaomba dua nami nimefumba macho tu: mtu akichomwa ghafla, anayelia ni nani? Maana kabla ya kulia hupati nafasi ya kuchagua. Huulizi, je, nilie kwa lugha ya nani. Yupo mtu ndani, nyuma ya jina lako, nyuma ya daftari na sare na mstari, hajawahi kusajiliwa shule yoyote, na huyo ndiye anayetoka. Anatoka uchi. Anamwita mama. Wenye nguvu wanalijua hili. Ndiyo maana hawaendi kumtafuta kwa hoja, wanamtafuta kwa maumivu. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sijui hata kuandika barua, lakini hilo nilikuwa nimeshalijua. Hakunifundisha mtu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: nililijua mwenyewe, kama kupepeta.

"Mama wee!" akalia.

Nikavua kibao nikamvisha. Na kwa kuwa Mwalimu Mbelwa alikuwa anatutazama kutoka barazani, nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza safi, uso umejaa huruma: sori.

Akaniangalia. Sori, kwetu, hata mpita njia anasema. Unajikwaa, mtu asiyekujua anakwambia sori. Nikajificha humo. Nikawa mpita njia.

Mwiba ulikatikia ndani. Jioni alichapwa. Wiki nzima aliteka maji na ule mguu. Nikaulizwa, nikasema kakanyaga mwiba. Wakaamini, watoto si hukanyaga miiba? Kidonda kikavimba, kikawa donda ndugu, akalazwa miezi mitano, wakakwangua mpaka karibu na mfupa, na aliporudi mguu mmoja ulikuwa mfupi, na shule haikuwa na nafasi yake tena. Mimi nilimaliza la saba. Nina cheti. Kipo kwenye fremu.

*

Kutoka langoni mpaka alipo Siwazuri sijui ni hatua ngapi. Nilibeba ungo kwa mikono miwili mbele yangu kama mwanamke anayepeleka chakula cha arusi, nalo lile neno linapwita, na alama zangu za chaki nyuma zilikuwa za nyayo za mzee, kisha nikageuka nikaona zimekuwa ndogo, ndogo, za mtoto, kisha za mzee tena. Sikushangaa. Kwenye aibu mtu hana umri.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chuma cha vitumbua mbele yake, makaa yamewaka. Alikuwa bibi wa miaka sabini na mbili, mnene, shungi limefungwa nyuma, ila mguu mmoja alikuwa ameunyosha, na mguu ule ulikuwa wa mtoto. Mwembamba, una vumbi, una alama ya soksi ya shule. Ulisimama kukua siku ile ukamngoja.

Na shingoni alikuwa na kibao.

"Karibu, Zaituni," akasema, bila kuniangalia, anageuza kitumbua kwa kijiti. "Umechelewa. Leo sijakubakishia cha kwanza."

"Si neno, dada," nikasema. "Kila siku wanipa cha kwanza, leo wape na wengine."

"Unajua kwa nini nakupa cha kwanza?"

"Heshima," nikasema. "Mteja wa zamani."

Akacheka, tumbo likatikisika. "Cha kwanza chuma hakijashika moto. Kinanata, kinanyonya mafuta, kinaungua upande mmoja na upande wa pili kibichi. Watu wengine huwa wanawapa kuku. Mimi miaka arobaini nakupa wewe, nawe unasema, mashallah, Siwazuri, mkono wako."

Nilijua! Wallahi, ulimi wangu ulijua. Nilikuwa nakila kile kitumbua kibichi kila asubuhi, nakisifu, nikidhani mimi ndiye ninayemwonea huruma.

"Kumbe ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

Nikajifanya nahesabu vitumbua.

"Zaituni, mimi natembea kwa nyayo," akasema. Akajishika mguu ule mdogo, akaugeuza. "Wewe uliwaambia watu nimekanyaga mwiba. Mama akaamini, daktari akaamini. Nami nilikuwa nimelala kule nasema moyoni: jamani, hamwoni? Nani kakanyaga kwa shavu la mguu?"

Nyuma ya mguu, pale panapojaa nyama kwa watu wengine, palikuwa na shimo. Ukubwa wa punje ya karanga.

"Kwa nini hukusema?"

"Lisemwe na nani? Mimi nimeshasema langu. Nilisema, Mama wee. Nilisema kwa sauti, shule nzima ilisikia." Akaipua kitumbua. "Zamu ilikuwa yako."

Langoni, mbali, nikamwona Mwalimu Mbelwa ameinuka. Ameshika msumari.

"Umeniletea nini humo?" akauliza Siwazuri.

Nikapiga magoti, magoti yakalia kuliko mimi, nikamsogezea ungo. Akalitazama lile neno jekundu. Hakushtuka. Akaliokota kwa vidole viwili vyenye mafuta, akalipuliza kama kitu kilichodondoka mchangani, akalitia kwenye lile shimo la mguu. Likaingia. Likakaa kama mbegu ndani ya kokwa. Likaacha kupwita.

"Hili lilikuwa langu," akasema. "Ulilichimba hapa. Ulikwenda nalo kote huko?"

"Kote."

"Haya, limerudi kwao. Sasa huna kitu mkononi." Akakunja mikono. "Nakusikiliza."

Nilifungua mdomo, na likaja lile lile, kwa mazoea, kama mbuzi anavyojua njia ya zizi, nikalikuta halipo. Nikatafuta mzaha. Nilikuwa na mmoja kuhusu kuku. Nikautazama ule mguu, mzaha ukakaa chini wenyewe.

Mwalimu alikuwa ameinua mkono.

"Nilikuchoma mimi," nikasema. "Kwa mwiba wa mchongoma. Niliukata kwa meno, nikauficha kwenye upindo wa sketi tangu saa tatu. Niliogopa viboko. Nilijua ukiumia utalia kwa Kiswahili, ndiyo maana nikakuumiza. Halafu nikasema umekanyaga. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka nikawa nakuona kabisa unakanyaga."

"Na kwa nini mimi? Walikuwepo watoto arobaini."

Hilo ndilo nililokuwa nimelifunga ndani kabisa, chini ya magendo yote.

"Sikukuchukia," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ulikuwa karibu kwa sababu ulikuwa unataka kunipa uji."

Vitumbua vikaungua. Hakuvigeuza. 

"Hayo umeyasema kwa lugha gani?" akauliza.

"Yetu."

"Ndani ya ua wa shule?"

Nikatazama chini. Ubao. "Ndani ya ua wa shule," nikasema.

"Basi sheria unaijua."

Akavua shungi kwanza, ili kamba ipite. Kibao kilipotoka shingoni mwake kiliacha mstari, kama ule wa mwalimu. Nikainama. Akanivisha, akakilaza vizuri kifuani pangu, akaisawazisha kamba isinikate, kama mama anayemtengeneza mtoto siku ya kwanza ya shule. Kilikuwa kizito kuliko gunia. Nikakigeuza nisome yale maneno ya punda. Hayakuwepo. Kifua chake kilikuwa kimeyasugua miaka sitini na moja, umebaki mti mtupu, laini, wa joto.

Kengele ikalia. Saa nne ikaisha. Jua likajitikisa kama mtu aliyekufa ganzi, likaanza kwenda.

Siwazuri akajiinua kwa mikono miwili, akausimamia ule mguu mdogo, akapiga hatua, na nyingine. Alikuwa anaingia kwake. Alipofika mbali kidogo akageuka, akaniona bado nimepiga magoti na kibao changu, nimejaa chaki.

"Zaituni," akasema. "Pole."

Pole ina kiitikio chake, nishapoa, hata mtoto mchanga anakijua. Nilikishika, nikakifikisha mpaka kwenye meno. Akasimama kidogo kunisubiri. Lakini mimi nilikuwa bado sijapoa, na yeye, kwa maganda, nilikuwa nimeshamlisha ya kutosha.